Nakivale na Sanduku la Kufuli Tatu

Nakivale ilianza kama maandishi ya serikali. Kumbukumbu rasmi zinataja mwaka 1958 kuwa ndio wa kuanzishwa kwake, na mwaka 1960, Uganda ikiwa bado chini ya Mwingereza, Tangazo la Jumla Namba 19 katika Gazeti la Serikali likaitambua kuwa makazi ya wakimbizi. Kati ya miaka hiyo miwili kuna Novemba 1959, mwezi ambao Rwanda iliwaka moto na familia za Kitutsi zikaanza kuvuka mpaka kuingia Ankole, wengine kwa miguu na mizigo kichwani, wengine wakiswaga ng'ombe wao.

Kutoka mji wa Mbarara hadi huko ni mwendo wa kilomita 60 hivi, katika nchi ya migomba, nyasi kavu na ng'ombe wa pembe ndefu. Ziwa Nakivale limo katika mfululizo wa maziwa na vinamasi vinavyoungana na Ziwa Mburo. Zamani eneo hili lilikuwa na watu wachache kwa sababu ya mbung'o, na ndiyo maana palionekana pa kuwaweka wageni. Leo liko wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka Mbarara katikati ya miaka ya 2000. Katika takriban kilomita za mraba 185 wanaishi wakimbizi zaidi ya 180,000: Wakongomani ndio wengi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na watu wa Sudan Kusini. Katika masoko ya Base Camp, Juru na Rubondo, Kiswahili cha Kivu kinasikika saa zote za mchana, sambamba na Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kinyankore cha wenyeji.

Taasisi iliyokaa miaka mingi hivyo inastahili albamu yake.

Picha hazijakosekana. Nakivale imepigwa picha sana: na mashirika ili wafadhili waone, na waandishi wa habari ili magazeti yapate la kuchapa, na wageni wa heshima ili safari yao ipate ushahidi. Mpangilio wa picha za namna hiyo unajulikana. Kuna foleni, kuna turubai, kuna dumu la maji la njano, kuna mtoto aliyesimamishwa mbele, na kuna mtu wa shirika akimkabidhi mama gunia. Chini huandikwa jina la shirika, tarehe, na mara nyingi jina la mgeni. Anayepokea huandikwa "mkimbizi", basi.

Picha hizo si za uongo. Foleni ilikuwapo na njaa ilikuwapo, na waliokuja na magunia waliokoa maisha. Lakini anayetaka kuandika historia ya jinsi watu wa Nakivale na majirani zao wa Mbarara walivyopambana na umaskini wenyewe, kwa shilingi zao, ataikuta foleni mara mia kabla ya kukikuta kikao. Na kikao ndicho kilichodumu. Misaada imepanda na kushuka, mashirika yamekuja, yamebadili majina na kuondoka, huku watu wakiendelea kuketi pamoja, kuchanga na kukopeshana.

Wenyeji walikuwa na vikao vyao zamani. Katika vilima vya Ankole na Kigezi, ambako gari lilikuwa adimu na njia ni ya kupanda na kushuka, mgonjwa alibebwa kwa engozi: machela ya kusukwa, inayofungwa kwenye miti na kupandishwa mabegani mwa wanaume wanne. Wanne hawatoshi kwa safari ya saa kadhaa. Wanahitaji wenzao wa kuwapokea njiani, na nyuma yao wafuate wengine na chakula na matandiko ya mgonjwa. Kwa hiyo kijiji kilijiandikisha, kila nyumba ikawa na zamu yake, na aliyekwepa zamu alitozwa faini. Chama cha engozi hakikuhitaji ofisi. Kilihitaji orodha ya majina na watu wanaoiheshimu.

Barabara zilipofika, vyama havikufa. Vilianza kuchanga fedha za mazishi, vikanunua masufuria na viti vya msibani, vikakopesha wanachama ada za shule. Hospitali ya Kisiizi ya Kanisa la Uganda, iliyoanza mwaka 1958 katika majengo ya kilichokuwa kiwanda cha kitani wilayani Rukungiri, ilipotaka kuanzisha bima ya afya mwaka 1996 iliona haina haja ya kubuni chombo kipya. Ilijenga bima yake juu ya vyama hivi hivi: familia ziliingia kupitia chama chao, wengi kwa pamoja, ili wazima wawabebe wagonjwa kwa fedha kama walivyokuwa wakiwabeba kwa mabega. Wataalamu wa bima za jamii barani Afrika wanaitaja Kisiizi mpaka leo. Sifa ya kwanza ingefaa kwenda kwa wazee waliotunza orodha za zamu.

Wakati huohuo Mbarara ilikuwa ikikua kuwa mji wa ushirika. Katika miaka ya 1950, chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1946, wakulima wa kahawa wa Ankole waliunganisha vyama vyao vya msingi katika chama kikuu, Banyankole Kweterana, chenye makao yake mjini hapo. Mkulima mwenye magunia machache ya kahawa hana nguvu ya kubishana bei na mfanyabiashara. Wakulima elfu kadhaa wanayo. Chama hicho kilipitia yale yaliyovikuta vyama vikuu vingi vya Uganda: soko la serikali, vita, madeni, na kufungwa kwa Benki ya Ushirika mwaka 1999.

Ni katika Mbarara hiyohiyo ndipo ilipo hazina mojawapo muhimu ya picha za zamani nchini Uganda. Musa Katuramu alikuwa mwalimu wa useremala na mjenzi. Hakuwa afisa wa serikali wala mmisionari, na kamera yake ilikuwa mali yake. Tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950 alipiga picha za watu wa kwao: jamaa, wenzake, watu wa mjini na wa vijijini ambao walijua anakuja na walijua wanataka kuonekana vipi. Baada ya kifo chake mwanawe alizihifadhi negativu nyumbani, mamia kwa mamia. Kwa anayejua hali ya hewa ya Uganda, hilo peke yake ni jambo la kushukuru. Negativu haipendi unyevu, haipendi joto, na mchwa hawachagui. Nyumba ikiezuliwa na upepo usiku mmoja, miaka ishirini ya kazi inaondoka.

Mwaka 2011 Rumanzi Canon, mpiga picha Mganda, na msanii wa Uholanzi Andrea Stultiens walianzisha mradi unaoitwa History in Progress Uganda. Walikwenda nyumba kwa nyumba na taasisi kwa taasisi kutafuta makusanyo ya picha, wakayanakili kidijitali na kuyarudisha hadharani, katika mtandao, katika maonyesho na katika mfululizo wa vitabu uitwao Ebifananyi, ulioanza kutoka mwaka 2014. Kimojawapo cha vitabu vya mwanzo ni cha Katuramu. Jina lake la Kiingereza linataja vitu vitatu: watu, mikao na mahali. Hivyo ndivyo picha zake zilivyo. Mtu amesimama anavyotaka kusimama, mbele ya mahali anapopajua, na mpiga picha amempa nafasi ya kujipanga.

Faida ya mradi huo kwa historia ya watu wa kawaida ni kubwa kuliko uzuri wa picha. Picha ikiwekwa mbele ya umma, watu huanza kutaja: huyu ni babu yangu, ile ni shule fulani, kofia hiyo ilivaliwa mwaka fulani. Picha isiyo na jina hupata jina. Kwa maktaba ya kawaida, maelezo huandikwa na mtu mmoja mara moja. Hapa yanaandikwa na wengi, kidogo kidogo, na makosa yanasahihishwa na wenye kujua. Makumbusho makubwa ya Ulaya yamehangaika miaka mingi kupata njia hiyo.

Upande wa serikali kuna mfano mwingine. Mwaka 2015, katika majengo ya Shirika la Utangazaji la Uganda mjini Kampala, ziligunduliwa negativu zaidi ya 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, nyingi zikiwa bado ndani ya bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Mwanahistoria Derek Peterson wa Chuo Kikuu cha Michigan na mwanaanthropolojia Richard Vokes wa Chuo Kikuu cha Western Australia walishirikiana na shirika hilo kuzinakili, na mwezi Mei 2019 sehemu yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Nyingi ni za enzi ya Idi Amin. Kuna mikutano, sherehe, mapokezi ya wageni, kuna "vita vya kiuchumi" vilivyotangazwa mwaka 1972 wakati Waasia walipofukuzwa na maduka yao kugawiwa. Mauaji ya enzi hiyo karibu hayaonekani kabisa. Mpiga picha wa wizara alipelekwa palipopaswa kuonekana. Anayezitazama leo hujifunza mambo mawili kwa pamoja: serikali ilitaka umaskini uonekane unashindwa vipi, na nani alibaki nje ya fremu.

Wakimbizi wa Nakivale walibaki nje ya fremu kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1960 ya kudhibiti wakimbizi wa kigeni iliwataka wakae pale walipopangiwa. Kazi yao ilikuwa kufyeka, kulima na kungoja kurudi. Watoto waliofika migongoni mwa mama zao walikua, wakasoma, wakaajiriwa Mbarara na Kampala, na bado waliitwa wageni. Mwaka 1979, mwaka ambao Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliingia Mbarara katika vita vya Kagera, likauacha mji umebomolewa vibaya, kisha likasonga mbele hadi Amin akaanguka, Wanyarwanda waliokuwa Uganda waliunda mfuko wa kusaidiana, Rwandese Refugees Welfare Foundation, kwa ajili ya wenzao walioteswa katika kisasi kilichofuata. Mwaka uliofuata mfuko huo ukawa RANU, umoja wa kisiasa, na mwaka 1987 RANU ikawa RPF, chama kinachotawala Rwanda hadi sasa. Wachache wanakumbuka kwamba mzizi wake mmojawapo ulikuwa mchango wa kuwasitiri wenzao waliokuwa taabuni.

Oktoba 1982 ndio mwezi mbaya kuliko yote katika kumbukumbu za Wanyarwanda wa Ankole. Viongozi na vijana wa chama tawala waliwafukuza majumbani mwao wilayani Mbarara, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda, na makumi ya maelfu wengine wakasukumwa Nakivale na katika bonde la Oruchinga, ambako ndugu zao waliwapokea katika vipande vya ardhi ambavyo havikuwatosha hata wao. Miaka minane baadaye, tarehe 1 Oktoba 1990, vijana wa kizazi hicho waliokuwa katika jeshi la Uganda walivuka kuingia Rwanda wakiongozwa na Fred Rwigyema, ambaye naye alikulia katika makazi ya Nshungerezi, Ankole. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 wengi wa wakazi wa zamani wa Nakivale walirudi kwao, na katika nyumba walizoziacha wakaanza kuingia Wahutu waliokuwa wakikimbia upande wa pili wa historia ileile. Ni taasisi chache duniani ambazo zimewapokea wakimbizi wa pande zote mbili za mgogoro mmoja kwa kufuatana.

Julai 2010 ilikuwa na jeraha lake. Tarehe 14 na 15, Wanyarwanda wapatao 1,700 wa Nakivale na wa makazi ya Kyaka II waliokuwa wamenyimwa hadhi ya ukimbizi walikusanywa, wakapakiwa kwenye malori na kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lililaani hadharani. Albamu ya kweli ya Nakivale haiwezi kuruka ukurasa huo.

Wakati huo wimbi la Wakongomani lilikuwa limekwisha kuja, hasa baada ya vita vya Kivu Kaskazini vya mwaka 2008, na likaendelea mwaka 2012 na vita vya waasi wa M23. Mwaka 2015 walikuja Warundi, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwapa haki ya kufanya kazi na kutembea, na desturi ya Uganda ya kuwapa kipande cha ardhi iliendelea, ingawa kipande kilizidi kupungua kadiri watu walivyoongezeka. Aliyepewa shamba miaka ya 1990 aliweza kuuza mahindi. Aliyekuja juzi anapata mahali pa nyumba na matuta machache ya mboga.

Hapo ndipo sanduku linapoingia.

Ni la chuma, dogo kiasi cha kubebwa na mtu mmoja, na lina vitasa vitatu. Kufuli tatu, funguo tatu, wanachama watatu tofauti. Hakuna hata mmoja wao anayekaa na sanduku. Linalala kwa mwanachama wa nne. Kikundi kina watu 15 hadi 30, wengi wao wanawake, nao hukutana kila wiki siku ileile, chini ya mti au katika ua wa mmoja wao. Mwenyekiti akifungua kikao, wenye funguo husimama mmoja baada ya mwingine na kufungua kufuli zao mbele ya macho ya wote. Kila mwanachama huitwa kwa namba, huja na fedha yake, hununua hisa kati ya moja na tano, na katika kitabu chake hugongwa muhuri kwa kila hisa. Asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri. Wahesabu wawili huhesabu fedha kwa sauti. Kuna bakuli jingine la mfuko wa jamii, wa ugonjwa na msiba, ambao mchango wake hauna riba wala hauleti hisa. Kisha hufuata mikopo: mtu anaweza kuomba hadi mara tatu ya akiba yake, aeleze anaitaka kwa kazi gani, na wenzake wamsikilize. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili huwa siku ya kugawana. Sanduku humwagwa mezani, riba na hisa hugawanywa, na kikundi huanza mzunguko mpya bila shilingi ya deni.

Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, katika jimbo la Maradi, miongoni mwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukafika Uganda mwaka 1998 kupitia West Nile, na kutoka huko ukaenea nchi nzima. Tanzania una ndugu zake wa VICOBA, na Wakongomani wa Kivu wanauita AVEC. Lakini katika Nakivale haukukuta uwanja mtupu. Wakongomani walikuja na likelemba zao. Wanyarwanda walikuja na ikimina. Wasomali walikuwa na hagbad, ambayo wengine huiita ayuuto. Waethiopia walikuwa na equb ya fedha na iddir ya mazishi. Na jirani, nje kidogo ya mipaka ya makazi, Wanyankore walikuwa na engozi. Watu waliokimbia vita tofauti, wakisema lugha tofauti, walikutana kando ya ziwa moja wakiwa wote wanajua jambo moja: mtu peke yake hawezi kujikusanyia mtaji kutoka katika mgao wa chakula. Sanduku la kufuli tatu liliwapa daftari na kanuni ambazo Mkongomani na Mrundi waliweza kuzitumia pamoja bila kubishana ni desturi ya nani.

Mwaka 2014 watafiti wa Oxford wakiongozwa na Alexander Betts walichapisha ripoti kuhusu uchumi wa wakimbizi nchini Uganda. Utafiti wenyewe ulifanyika Kampala, Nakivale na katika makazi ya Kyangwali, na wakimbizi walifunzwa kuwa watafiti badala ya kuhojiwa tu. Ripoti ilieleza mambo ambayo mfanyabiashara yeyote wa Mbarara angeweza kuyasema: mahindi ya Nakivale yananunuliwa na walanguzi Waganda na kuuzwa mbali, na bidhaa za maduka ya Wasomali zinapita njia za biashara zinazofika nje ya bara. Huko Kampala, asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa walikuwa na biashara inayoajiri mtu mwingine, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Takwimu hizo zilizunguka dunia. Zilibadili namna mabenki yanavyomtazama mkimbizi, na Machi 2020 taasisi ya mikopo midogo ya UGAFODE ikafungua tawi Nakivale kwenyewe. Miaka mingi kabla, mkopeshaji pekee aliyemwamini mkimbizi bila dhamana alikuwa kikundi chake.

Vijana nao walianzisha vyao. Kampala, mwaka 2007, Wakongomani waliokuwa wakikutana kucheza mpira walianza kuulizana shida zao na wakaunda YARID, jumuiya ya vijana wakimbizi wa Afrika, ikiongozwa na Robert Hakiza kutoka Bukavu. Walianza na madarasa ya Kiingereza, wakaongeza cherehani kwa wanawake na mafunzo ya kompyuta. Mwaka 2016 walipata tuzo ya kimataifa ya Ockenden. Ndani ya Nakivale kijana Mkongomani, Patrick Muvunga, na wenzake walijenga Opportunigee, kituo ambacho kijana mkimbizi huja na wazo la kazi na kusaidiwa kuligeuza kuwa kazi kweli. Wote hawa wanapiga picha wenyewe, kwa simu, na maelezo ya picha zao yana majina.

Picha hizo za simu ndizo kumbukumbu halisi ya harakati hii, nazo ziko hatarini kuliko negativu za Katuramu. Negativu moja ilikaa nyumbani zaidi ya miaka 60 ikangoja kunakiliwa. Simu huibwa, huanguka majini, huuzwa mwezi wa njaa. Picha ya siku ya kugawana, yenye akina mama thelathini wamevaa vitenge vya sare na sanduku likiwa katikati, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hushangiliwa siku mbili, kisha huzama chini ya mamia ya ujumbe. Mwenye simu akihamishwa Marekani au Canada na familia yake, picha huondoka naye.

Na saa si ya kusubiri. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa kukosa fedha, liligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: walio dhaifu zaidi wakapata asilimia 60 ya mgao, wanaofuata asilimia 30, na kundi la tatu likaondolewa. Mwaka 2025 hali ikawa mbaya zaidi, na watu wapatao milioni moja nchini wakakatiwa msaada wa chakula kabisa. Kikundi kinapopoteza mgao, mwanachama anayenunua hisa tano hununua moja, kisha huomba ruhusa ya kutokuja. Vikundi vingine vitapasuka katika miaka hii, na daftari zao zitatumika kuwashia moto. Vikiondoka bila picha wala majina, atakayeandika historia ya Nakivale baadaye atabaki na foleni.

Kwa hiyo kazi ya albamu ni ya sasa, na haihitaji jengo. Mradi wa Canon na Stultiens umekwisha kuonyesha njia, na mji wa Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji Julai 2020, una chuo kikuu cha umma tangu 1989 ambacho wanafunzi wake wanaweza kuufuata mfano huo. Kikundi kinahitaji kuchapisha picha moja ya kila mzunguko, kwenye karatasi, na kuandika nyuma yake kwa penseli, kwa kuwa wino hupenya na kuharibu: jina la kikundi, kijiji, mwezi na mwaka, majina kutoka kushoto kwenda kulia, na nani alikuwa na ufunguo wa ngapi. Nakala ya pili iwekwe pamoja na daftari lililojaa, katika bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaofungia unyevu. Nakala ya tatu ipelekwe Mbarara. Mwanachama asiyetaka sura yake ionekane nje, kwa sababu ya waliomfukuza kwao, ana haki hiyo, na jina lake libaki kwenye daftari la kikundi peke yake. Wapo Rubondo na Juru wazee waliofika 1994 na mapema zaidi, wanaoweza bado kutaja nani alikuwa nani katika picha za kwanza. Kwao ndiko pa kuanzia, na pamoja nao wenye orodha za engozi katika vijiji vya jirani, ambao baba zao waliwabeba wagonjwa.